Toa Moyo, Acha Saa

Alikuja Jumanne, mvua ikiwa imeacha matope mlangoni,
Mama Munguci, kutoka Vurra, kwa miguu,
akaulaza mkono wake juu ya meza yangu
kama mtu anayeweka kuku wa kuuza.
"Fundi," akasema, "fungua hiki kidude.
Toa moyo. Acha saa."

Nimetengeneza saa hapa Arua miaka thelathini na moja.
Nimefungua saa za makarani, za wanajeshi,
saa ya padri iliyochelewesha misa,
saa iliyozama mto Enyau ikafufuka ndani ya mchele.
Hakuna hata moja iliyojua
kama aliyeivaa ana homa.

Hii imetumwa na Drileba, kitinda mimba wake,
aliye mbali, kwenye ghala la baridi, anapakia mizigo usiku.
Huko huko anayaona mapigo ya mama yake
yakirukaruka kwenye simu, mstari wa kijani.
Sawa. Mtoto ana uchungu na mama.
Lakini kijana akauingiza mstari ule kwenye kundi la ukoo,
ndugu mia moja na arobaini,
na sasa kila alfajiri ukoo unakaa kikao
juu ya kifua cha mjane mmoja.

"Nilikunywa kwete matangani kwa Adiru, nikacheza.
Kabla sijafika kwangu, shemeji wa Koboko ameshaandika:
saa tatu usiku moyo ulikimbia, alikuwa na nani?
Fundi, nilikuwa na miguu yangu!
Marehemu alilala ubavuni mwangu miaka ishirini,
hakuwahi kunihesabu."

Nikaigeuza. Nikavaa lenzi ya jicho moja.
Haina skrubu. Haina mlango.
Imegandishwa kwa gundi kama mdomo wa shahidi aliyehongwa.
Funguo zake ziko ng'ambo, na hazitumwi Arua.

Redioni walikuwa wanabishana, wataalamu watupu:
je, kesho ya makampuni makubwa iko kwenye vidude vya kuvaa
au kwenye mitandao tunakopigiana soga?
Mimi nina koleo na brashi.
Nilichokiona ni kupe: anenepe vipi,
hana kesho bila ngozi ya ng'ombe.
Jitu lina majumba ya vioo, lina mabilioni,
na bado limefika hadi Vurra, kwa mama anayepalilia muhogo,
likakaa pale mshipa unapogonga,
wala halikubisha hodi.

"Basi izime," akasema.
Nikaizima.
Hajamaliza kufunga kitambaa, kisimu chake cha tochi kikalia:
Drileba, kwao ni usiku wa manane, sauti imepasuka,
"Mama! Mstari umelala! Mama!"
Mwanamume mzima, kwenye ghala la watu, analia.
Mama akanitazama. Mimi nikatazama brashi.

Nikafanya jambo ambalo fundi hafanyi kwa mali ya mteja.
Nikaiwasha. Nikaivaa.

Hii ni wiki ya sita.
Munguci anapalilia mkono mtupu, anacheza atakapo,
na enyasa yake anaisonga bila kuhesabiwa.
Kundi la ukoo linausifu moyo wangu:
mama amepata nguvu, mama analala mapema, Mungu mkubwa.
Saa, yenye laini yake yenyewe, inanipongeza:
hongera Munguci, hatua elfu mbili!
Na huko kwenye madaftari yake jitu limeandika:
mjane, miaka sabini na miwili, anapenda kukaa.
Litauza nini kwa mtu huyo? Na liuze.

Ila jana bati lilivuja, nikapanda ngazi,
ngazi ikateleza kidogo, nikang'ang'ania boriti.
Ujumbe ukawaka mkononi:
Mama, umeshtuka nini?

Nikashuka. Nikakaa kwenye kigoda,
maji yakidondoka juu ya saa za watu,
nikapumua polepole, polepole,
kwa ajili ya mtoto asiye wangu,
mpaka mstari ukatulia.